Maswali ya Wasomaji: Mazoezi Katika Bustani ya Jiji na Viwanja vya Wazi

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na miji ya jirani watuandikie wanafanyia wapi mazoezi na ni kitu gani kinachowakwamisha. Barua za maumivu ya magoti na za uvivu wa asubuhi zimekuja, lakini nyingi zaidi zinazungumzia mahali: kiwanja kimoja kinachogombaniwa na wacheza mpira, wakimbiaji, akina mama wanaotembea na watoto wanaojifunza baiskeli. Kwa sababu hiyo nimeanza na maswali ya mahali, kisha yakafuata ya mwili. Majina ya waandishi nimeyaacha na salamu ndefu nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu anasoma New York, na mara kwa mara hunitumia picha za bustani kubwa iliyo katikati ya jiji lile. Katika picha moja utaona wanaokimbia, waendesha baiskeli, watoto wenye mipira na wazee wanaotembea taratibu, wote mahali pamoja. Hapa mtaani kwetu makundi matatu tu yakikutana kiwanjani, asubuhi huishia kwa ugomvi. Wenzetu wanawezaje? (Msomaji wa Forest, Mbeya)

Marahaba. Bustani hiyo bila shaka ni Central Park, yenye ukubwa wa hekta 341, urefu wake ukiwa kama kilomita 4 na upana wake kama mita 800. Wengi husema kwamba ukubwa ndio siri yake, lakini mimi siamini hivyo, kwa kuwa uwanja mkubwa usio na mpango huleta ugomvi mkubwa vilevile. Siri iko katika mchoro wake. Mwaka 1858 mpango wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux ulipochaguliwa, wabunifu hao walikwisha kujiuliza swali hili unaloniuliza wewe, wakaamua kwamba watu wanaokwenda kwa mwendo tofauti wasilazimishwe kupita njia moja. Waenda kwa miguu walipewa vijia vyao, wapanda farasi njia yao, na magari ya farasi barabara yake, na pale njia hizo zilipolazimika kukutana, moja ilipitishwa juu ya daraja na nyingine chini yake. Barabara nne zinazokata bustani kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine zilichimbwa zikawa chini ya usawa wa bustani, ili mikokoteni ya biashara ipite bila kumkatiza aliyekuja kupumzika.

Mpango huo ulifanywa kabla ya gari la injini kuwapo, na hadi leo ndio unaowawezesha watu wote hao kuonekana katika picha moja. Barabara kuu inayozunguka bustani ina urefu wa karibu kilomita 9.8, na tangu mwaka 2018 magari yamepigwa marufuku kuitumia. Waendesha baiskeli wote huizunguka kwa mwelekeo mmoja, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, na wakimbiaji wana upande wao. Kulizunguka bwawa kubwa la maji kuna njia laini ya kama kilomita 2.5 iliyotengwa kwa watu wa miguu peke yao, na humo baiskeli na mbwa hawaruhusiwi. Timu za mpira huomba kibali cha uwanja na kupangiwa saa. Nyasi zikiwa zimelowa au zinahitaji kupumzishwa, hupandishwa bendera nyekundu, na kila mtu anajua kwamba siku hiyo hapakanyagwi. Uko pia uwanja mpana ambao kondoo walikuwa wakilishwa hadi mwaka 1934, na leo umeachwa uwe mahali pa kukaa, kulala juu ya nyasi na kupumzika, kwa sababu hata kukaa kimya ni haja ya watu wa jiji.

Kwenu mna kiwanja kimoja na makundi matatu. Kaeni chini siku moja, viongozi wa makundi hayo pamoja na mjumbe wa mtaa, mkagawane njia na saa. Ukingo wa nje wa kiwanja uwe wa wanaotembea na wanaokimbia, wote wakizunguka upande mmoja, waenda polepole wakishika upande wa nje na wenye kasi wakipita kwa ndani. Kona moja iliyo mbali na magoli iwe ya kuruka kamba na kujinyoosha. Eneo la kati liwe la mpira, lakini kuanzia saa ambayo wote mmeikubali. Mathalani wanaotembea wakimaliza saa 1 na nusu asubuhi, wacheza mpira waingie. Mistari ichorwe kwa chokaa, kwa maana makubaliano ya mdomo husahauliwa wiki ya pili, ilhali mstari mweupe humkumbusha hata mgeni.

Mkishachora, pimeni mzunguko wenu. Hamhitaji mpima ardhi. Chukueni baiskeli, wekeni alama ya chokaa kwenye tairi mahali linapogusa chini, isukumeni hadi alama irudi chini tena, kisha pimeni umbali huo kwa futi ya fundi. Tairi likienda mita 2.1 kwa mzunguko mmoja, mizunguko 238 ya tairi ni mita 500. Mtu akishajua kwamba mara nne za uwanja ni kilomita fulani, anaacha kukisia, na ninaona tofauti kubwa kati ya anayefanya mazoezi kwa kipimo na anayefanya kwa kukisia, kwa sababu wa kwanza huona maendeleo yake na huendelea.

Heshima yako Mwalimu. Sisi ni kikundi cha jogging cha Mwanjelwa. Kila Jumamosi alfajiri tunakimbia kando ya barabara kuu huku tukiimba. Hivi karibuni lori lilitupitia karibu mno hadi wenzetu wawili wakarukia mtaroni. Baadhi yetu wanataka tuhamie kiwanjani, wengine wanasema kuzunguka kiwanja kunachosha na kunavunja moyo. Utuamulie. (Katibu wa kikundi, Mbeya)

Hameni, na mhame Jumamosi hii. Barabara hiyo ndiyo njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, na saa mnayoichagua ninyi ndiyo saa ambayo dereva aliyesafiri usiku kucha macho yake yamechoka na mwanga bado haujakamilika. Kikundi kinachoimba hakisikii honi mapema, na kikiwa na watu wengi hutapakaa hadi juu ya lami bila wenyewe kutambua. Siku mtakayolazimika kupita barabarani, hata kama ni kwa kufika kiwanjani tu, piteni upande wa kulia ili magari yaliyo karibu nanyi yaje yakiwatazama, shikeni mstari wa mtu mmoja mmoja, vaeni nguo za rangi inayong'aa, nyimbo zisubiri na vipaza sauti vya masikioni vibaki nyumbani.

Kuhusu hofu ya kuchoshwa na mzunguko, niwape historia. Mbio za marathoni za New York, ambazo leo zinajulikana duniani kote, zilianza mwaka 1970 ndani ya bustani hiyohiyo niliyomweleza msomaji wa Forest. Walijitokeza wakimbiaji 127, wakaizunguka bustani mara kwa mara hadi umbali ukatimia, na waliomaliza walikuwa 55. Zilitolewa na kupitishwa katika maeneo yote matano ya jiji mwaka 1976, lakini mstari wa kumalizia uko ndani ya bustani hadi sasa, na ni katika mstari huo Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa alimaliza wa kwanza mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kwa hiyo kuzunguka pahali pamoja si mazoezi ya watoto.

Mfano wa pili unawahusu zaidi, kwa sababu ni wa kikundi kama chenu. Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy iliyoko kusini-magharibi mwa London, watu 13 walikutana Jumamosi asubuhi wakakimbia kilomita 5 huku marafiki wachache wakisimama na saa kuwaandikia muda. Hapakuwa na kiingilio. Wiki iliyofuata wakarudia. Utaratibu huo, unaojulikana kwa jina la parkrun, leo unaendeshwa katika nchi nyingi, na bado haulipishwi, bado ni kilomita 5, na kazi zote hufanywa na watu wanaojitolea. Nikiwatazama nadhani kilichowashika watu ni ule muda ulioandikwa. Mtu aliyetembea kilomita 5 kwa dakika 58 hurudi wiki ijayo kujaribu 57, na hamwonei haya aliyemaliza kwa dakika 20.

Nanyi fanyeni hivyo. Jumamosi moja kila mwezi iwe ya kuandika muda; Jumamosi nyingine badilisheni mwendo, mizunguko miwili ya polepole mkiimba kama mlivyozoea, kisha nusu mzunguko kwa kasi, kisha kutembea. Kupokezana kijiti kwa timu za watu wanne huwachangamsha hata wavivu. Tena badilisheni mwelekeo wa kuzunguka wiki hadi wiki, wote kwa pamoja, kwa sababu kukata kona upande uleule kila mara huelemea mguu mmoja.

Kamwene Mwalimu. Nina miaka 54, ni mama wa nyumbani hapa Kihesa. Daktari ameniambia shinikizo la damu limepanda na nitembee kila siku. Tatizo ni kwamba nikitoka nyumbani ni mlima, nikirudi ni mlima. Napumua kama niliyefukuzwa, majirani wananiangalia, natamani kuacha. (Mama wa Kihesa, Iringa)

Kamwene dada yangu, usiache. Ulichoagizwa ni dawa kamili, nayo ina kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na hiyo nusu saa si lazima iwe ya mfululizo, kwa hiyo dakika 10 asubuhi, 10 ukienda sokoni na 10 jioni zinahesabika. Wiki mbili za kwanza usijidai zaidi ya hapo.

Unauliza juu ya mlima. Ushauri wangu ni kwamba usianzie mlimani. Tafuta mahali pa tambarare, iwe ni kiwanja cha shule baada ya masomo kwa idhini ya mwalimu mkuu au barabara ya mtaa isiyo na magari mengi, ukazunguke hapo. Kipimo cha mwendo unacho mwenyewe: ukiwa unatembea na unaweza kuzungumza sentensi nzima na jirani yako, lakini huwezi kumwimbia wimbo, basi mwendo huo ni wa wastani na ndio unaotakiwa. Ukishindwa hata kuzungumza, umezidisha, punguza. Baada ya mwezi hivi ndipo uugeukie mlima, ukiupanda kwa hatua fupi, kifua wazi, ukisimama kila unapotaka kusimama, kwani kusimama si kushindwa. Kushuka nako kuna adabu yake. Wengi hudhani kwamba kushuka ni kupumzika, kumbe misuli ya mapaja hapo hufanya kazi ya kuzuia mwili, na magoti hubeba uzito mkubwa kuliko wakati wa kupanda. Ndiyo sababu maumivu ya kesho yake hutokana na mteremko. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, wala usikimbie.

Dawa alizokuandikia daktari endelea kuzimeza kama alivyokuagiza, hata utakapojisikia vizuri, na umweleze kwamba umeanza kutembea. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio kusikoisha baada ya kupumzika au pumzi kukatika bila sababu, simama na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Unapoinua kitu kizito, usizuie pumzi, maana kuzuia pumzi hupandisha shinikizo ghafla. Na majirani waalike. Ukiwa na wenzako wawili, hakuna atakayewaangalia, na siku ya mvua mmoja atamtoa mwingine ndani.

Mwalimu, natoka Tanga na nimekuja kusoma Mbeya. Nyumbani nilikuwa nakimbia kilomita 8 pwani bila shida. Hapa kilomita 3 zinanitoa jasho la kifo na kichwa kinauma. Je, nina ugonjwa? (Mwanafunzi wa Iyunga)

Mwanangu, kwa maelezo yako ninachokiona kwanza ni mwinuko. Umetoka usawa wa bahari ukapanda hadi karibu mita 1,700. Sehemu ya oksijeni katika hewa ya Mbeya ni ileile ya Tanga, asilimia 21, lakini mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni pungufu. Mwili hujibu kwa haraka kwa kupumua zaidi na kuongeza mapigo ya moyo, na hayo ndiyo unayoyasikia. Jibu la pili ni la taratibu: ndani ya siku chache figo huongeza homoni inayouamrisha uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi, na chembe hizo huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango cha kukusaidia.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulionekana katika michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, jiji lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mbio fupi na miruko zilipata rekodi za kushangaza, kwa vile hewa nyepesi haimzuii mtu sana. Bob Beamon aliruka mita 8.90. Mbio ndefu zikawa mateso. Katika marathoni hiyo John Stephen Akhwari, mwakilishi wetu, alianguka, akaumia goti, na bado akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi kumaliza. Watanzania tunamkumbuka kwa ushujaa wake, na ni haki, lakini wewe usichukue somo la kukimbia ukiwa umeumia. Chukua somo la mwinuko.

Kwa wiki mbili au tatu weka saa yako mfukoni. Kimbia kwa kufuata pumzi, dakika 3 za kukimbia na 2 za kutembea, ukiongeza za kukimbia kidogo kidogo. Kunywa maji hata kama husikii kiu, kwa sababu hewa ya nyanda za juu ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona. Vaa kofia pia, kwani jua la huku, hata kukiwa na baridi, linachoma kuliko unavyodhani. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, uko juu kama mita 2,600, na kila Jumapili zaidi ya kilomita 100 za barabara zake hufungwa kwa magari ili watu wakimbie na waendeshe baiskeli, na katika bustani zake walimu wa mazoezi huongoza makundi makubwa bila malipo. Watu hao walizaliwa huko au walizoea, na wewe utazoea.

Ila sikiliza hapa kwa makini. Ikiwa kichwa na kuishiwa pumzi vinaendelea baada ya wiki tatu, nenda ukapime wingi wa damu, kwa maana upungufu wa damu hujificha nyuma ya mwinuko. Na kama katika familia yenu kuna siko seli, usifanye mazoezi makali huku juu kabla ya kupima na kuzungumza na daktari.

Binti yangu ana pumu. Mwezi wa sita na wa saba Njombe baridi ni kali na kunakuwa na umande ulioganda. Shuleni wanakimbia mchakamchaka alfajiri, naye hurudi anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Nimkataze michezo kabisa? (Mzazi, Njombe)

Usimkataze michezo, ila mtoe katika alfajiri. Hewa baridi na kavu ikiingia kwa kasi kupitia mdomoni hukausha na kuzibana njia za hewa, na mwenye pumu huumia kwanza. Andika barua kwa uongozi wa shule, ambatisha maelezo ya daktari, uombe afanye mazoezi saa 4 asubuhi au alasiri, jua linapokuwa limepasha hewa. Kabla ya kukimbia apashe mwili kwa dakika 10 hadi 15, kwa kutembea na kukimbia polepole, avute pumzi kwa pua, na siku za baridi kali ajifunge skafu nyepesi mbele ya mdomo na pua ili hewa ipate joto kidogo. Kama daktari amempa dawa ya kuvuta, mwulize iwapo aitumie kabla ya mazoezi, na iwe mfukoni mwake, si ofisini kwa mwalimu. Michezo yenye mapumziko ya mara kwa mara, kama netiboli au rede, humfaa kuliko mbio ndefu. Mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamka kila siku, na binti yako anastahili dakika zake kama wengine.

Vijana wanacheza mpira kwenye kiwanja chetu cha nyasi hata mvua ikinyesha, na kufikia Aprili kimekuwa tope tupu. Tuwafukuze? (Mzee wa mtaa, Makambako)

Shikamoo mzee. Msiwafukuze, wapeni bendera. Nyasi zikikanyagwa ardhi ikiwa imeloa, udongo hushindiliwa, mizizi hukosa hewa na maji hutuama. Mkipandisha kitambaa chekundu asubuhi ya mvua, na nahodha wa timu akawa ndiye mwenye dhamana ya kukipandisha, mtapumzisha kiwanja bila kelele. Magoli nayo yahamishwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu panapokwisha kwanza ni mbele ya goli.

Wanawake wa mtaa wetu tungependa kufanya mazoezi kiwanjani, lakini tunaona haya ya mavazi, na jioni tunaogopa. (Wasomaji watatu, Tukuyu)

Dada zangu, mwili haudai trakisuti. Gauni pana juu ya suruali nyepesi, hijabu iliyofungwa isiyopepea, na raba zinazoshika kisigino vinatosha kabisa; kanga ndiyo sipendekezi wakati wa kukimbia, maana hunasa miguuni. Muda wa giza uacheni. Chagueni saa ambayo kiwanja kina watu, jumuisheni walau watano, na mwombeni mwenyekiti wa mtaa saa mbili kwa wiki ziandikwe kuwa zenu katika ratiba ya kiwanja. Ninasisitiza neno kuandikwa, kwa kuwa nimeona mara nyingi saa za wanawake zikiliwa na mechi ya kirafiki iliyopangwa ghafla, na kikundi kikavunjika bila yeyote kukusudia.

Mtaa wetu umechanga fedha kidogo kwa ajili ya eneo la wazi. Baadhi ya wajumbe wanataka tununue mashine za mazoezi za chuma kama walizoziona Dar es Salaam. Wewe ungeanza na nini? (Mwenyekiti wa mtaa, Iringa)

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya chuma chochote, nenda halmashauri ukahakikishe kwamba eneo hilo limo katika ramani ya mipango miji kama eneo la wazi, na mipaka yake iwekewe alama. Fedha za wananchi zikiwekwa juu ya ardhi isiyo na uhakika, kibanda cha kwanza kikijengwa pembeni mtashindwa kukitoa.

Baada ya hapo, ningeanza na njia. Njia ya kuzunguka eneo lote, upana wa mita 2, iliyosawazishwa, ikamwagiwa changarawe laini na kuchimbiwa mtaro wa maji upande wa juu, kwa sababu mvua za kwenu kuanzia Desemba hadi Aprili zitaifagilia mbali njia isiyo na mtaro katika msimu mmoja. Njia hiyo itamtumikia mama wa Kihesa, mzee mwenye fimbo, mkimbiaji na mtoto. Mashine moja ya chuma humtumikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na bearingi yake ikifa haitumikii mtu. Cha pili ni miti ya kivuli upande wa magharibi, lakini si mikaratusi, inayofyonza maji mengi na kuangusha matawi. Cha tatu ni mabenchi kila baada ya mita 100 hivi, maana mtu anayepona maradhi hathubutu kutoka nyumbani kama hajui atakaa wapi akichoka. Maji ya kunywa na choo safi vifuate, na hivi vikikosekana wanawake na wazee ndio watakaoacha kuja kwanza.

Mazoezi ya nguvu yanaweza kufanyika bila mashine. Benchi imara lina kazi nyingi: kukaa na kusimama bila kushika, mara 8 hadi 12, huimarisha mapaja; kuegemea benchi kwa mikono na kujisukuma ni pushapu ya anayeanza; kupanda na kushuka kingo ya saruji humfundisha mzee usawa wa mwili, na wenye umri wa zaidi ya miaka 65 wanashauriwa kufanya mazoezi ya usawa walau siku tatu kwa wiki. Matairi ya zamani ya lori, yaliyotobolewa ili yasituamishe maji ya mvua na kuzalisha mbu, huvutwa, husukumwa na kurukiwa.

Fedha ikibaki, mwiteni fundi wa kuchomelea wa hapohapo mjini awatengenezee bomba mbili za kuning'inia, moja kimo cha mtu mzima na nyingine kimo cha mtoto, nguzo zake zikizamishwa kwenye zege kwa kina cha kutosha. Mpatane naye pia, kwa maandishi, kwamba atarudi kila mwaka kabla ya mvua kukagua viungio na kupaka rangi ya kuzuia kutu, na malipo ya kazi hiyo yatengwe tangu sasa katika hesabu zenu.